Bei ya Haki ya Gobore Lililotumika Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na wanaotaka gobore la kuwindia paa au la kupigia shabaha. Kwa kawaida umelikuta dukani kwenye rafu ya vitu vilivyotumika, kwenye mnada, au kwa jirani anayehama nyumba. Gobore hapa ni bunduki yoyote inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti, kisha risasi, kisha mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Bei zote ni dola za Marekani, na ni makadirio tu. Soko la jimbo lako linaweza kuwa juu au chini kidogo.

Bei ya kawaida ni kiasi gani?

Inategemea unaongelea gobore gani, kwa sababu kuna koo tatu zisizofanana kabisa.

La kwanza ni gobore la kisasa ambalo Wamarekani huliita inlaini. Fataki yake, yaani kijikofia kinachowasha baruti, hukaa nyuma ya mtutu, kwenye mstari mmoja na baruti, na kwa mbali linafanana na bunduki ya kawaida. Tony Knight wa Missouri ndiye aliyelipa umaarufu kwa MK-85 yake mwaka 1985. Mainlaini ya bei ya chini ya kampuni za CVA au Traditions yaliyotumika huuzwa mara nyingi kati ya dola 100 na 200, kwa sababu jipya lenyewe si ghali. Hapa usilipe zaidi ya theluthi mbili ya bei ya jipya, hata liwe linang'aa vipi.

La pili ni la mtindo wa zamani, lenye mtambo (nyundo na vyuma vya kufyatulia) ubavuni, lililotengenezwa kiwandani tangu miaka ya 1970. Humo mna Hawken na Renegade za Thompson/Center, Great Plains ya Lyman, na ya Kihispania yaliyouzwa kwa majina ya CVA na Traditions. Hawken ya Thompson/Center yenye mtutu mzuri utaiona kati ya dola 350 na 550. Great Plains huzunguka hapo hapo au juu kidogo. Ya Kihispania ya zamani ni dola 100 hadi 250.

La tatu ni lililotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja, hasa gumegume (bunduki zinazowashwa kwa cheche za jiwe) ndefu za mtindo wa Pennsylvania na Kentucky. Hapo bei huanzia dola elfu moja na kupanda mpaka huna hamu ya kuuliza tena. Jina la fundi lililochorwa juu ya mtutu linaweza kuongeza thamani maradufu, au lisiongeze chochote kama hakuna anayemjua.

Kabla ya kujadili bei, nifanye nini kwanza?

Hakikisha halina shindilio ndani. Usicheke. Magobore yaliyokaa ukutani miaka thelathini yakiwa na baruti na risasi hupatikana kila mara, na baruti nyeusi haisahau kazi yake.

Chukua mdeki, uteremshe ndani ya mtutu hadi ugote. Shika kwa kidole pale unapotokea mdomoni. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, kidole kikiwa mdomoni, uone ncha yake inafika wapi. Inapaswa kufika karibu na kitundu cha moto cha gumegume, au karibu na kichuchu kinachovalishwa fataki. Ikikomea vidole viwili au vitatu kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Baadhi ya mitutu ina chumba chembamba upande wa nyuma, kwa hiyo tofauti ndogo si ya kutisha, lakini ukiwa na shaka lirudishe kwa mwenyewe aende nalo kwa fundi. Usijaribu kulifyatua "ili kulisafisha", wala usikubali muuzaji afanye hivyo ukiwa umesimama pale.

Thamani ya gobore iko wapi hasa?

Ndani ya mtutu. Mbao hung'arishwa, shaba husuguliwa, chuma cha nje hupakwa rangi upya ya buluu au kahawia. Mtutu ulioliwa na kutu kwa ndani haurudi, na mtutu mpya unaweza kugharimu karibu sawa na bunduki nzima, ukiupata.

Chanzo cha kutu ni baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni takriban asilimia 75 shura, 15 makaa na 10 kiberiti. Ikiungua huacha masizi ya chumvi yanayovuta unyevu wa hewani. Asiyeosha bunduki yake siku ile ile kwa maji na kuipaka mafuta, huamka na wekundu ndani ya mtutu. Pyrodex, inayouzwa kama mbadala wa baruti nyeusi, haina huruma zaidi, kwani nayo huacha chumvi kali. Watu wengi walinunua magobore wakati wa msimu, wakapiga mara tatu, wakayarudisha kabatini bila kuyaosha. Ndiyo maana bunduki "iliyopigwa mara tatu tu" inaweza kuwa mbovu kuliko iliyopigwa mara elfu tatu na mzee mwenye nidhamu. Nikisikia muuzaji anajisifu kwamba haijatumika sana, hapo ndipo natoa tochi.

Nitaangaliaje ndani ya mtutu uliozibwa nyuma?

Kama ni inlaini, omba kizibo cha nyuma kifunguliwe, uangalie mwanga ukipita upande wa pili. Kizibo kikigoma kufunguka, hiyo ni habari yenyewe: hakijafunguliwa wala kupakwa grisi kwa muda mrefu, na anayeshindwa kufungua kizibo hakusafisha mtutu. Punguza bei kwa nguvu au ondoka.

Kwa la mtambo ubavuni, kizibo hakifunguliwi hovyo. Teremsha taa ndogo ya kidole yenye uzi, uelekeze mdomo juu, uangalie kuta. Mifereo iliyozunguka, ile inayoipa risasi mzunguko, inatakiwa iwe na kingo zilizo wazi mpaka chini kabisa. Doa jeusi laini ni masizi au kivuli cha kutu ya zamani iliyosafishwa. Vishimo ni jambo jingine, na mara nyingi viko inchi chache za mwisho, pale baruti inapokaa.

Kisha tumia mkono, maana jicho hudanganyika. Funga kitambaa chenye mafuta kwenye ncha ya mdeki, kikaze kiasi cha kuhitaji nguvu kidogo, ukisukume polepole hadi chini na kukirudisha. Mtutu mzuri hukupa mkazo ule ule njia nzima. Ukihisi kama unapitisha kitambaa juu ya msasa, kuna vishimo. Ukihisi mahali mkazo unalegea ghafla kisha unarudi, mtutu umevimba hapo: mtu alifyatua risasi isiyoshindiliwa hadi ikakaa juu ya baruti. Uvimbe huo wakati mwingine unaonekana kwa nje ukipitisha vidole, wakati mwingine hauonekani kabisa. Bunduki yenye uvimbe mimi siinunui kwa kupigia. Kama mapambo ya ukutani, dola hamsini.

Angalia pia rangi ya kitambaa kikitoka. Kijivu au cheusi ni uchafu wa kawaida. Chekundu au cha kahawia ni kutu inayoendelea kula.

Mwisho wa mtutu, pale mdomoni, tazama kama mifereo imelika upande mmoja kwa kusuguliwa na mdeki miaka mingi. Kasoro hii huharibu shabaha, lakini fundi huweza kuinyoosha kwa gharama ndogo, kwa hiyo ni ya kuombea punguzo.

Na mtambo?

Bunduki ikiwa tupu, vuta nyundo hadi nusu, uvute kifyatuo kwa kiasi. Nyundo haitakiwi kuanguka. Ivute hadi mwisho, uisukume kwa gumba kutoka nyuma. Haitakiwi kuanguka wala kuteleza. Ukimaliza, ishushe taratibu kwa gumba. Usiiachie ipige kichuchu kitupu. Mtambo unaoshindwa majaribio haya ni hatari na unahitaji fundi, na bei lazima ionyeshe hivyo.

Kwa gumegume kuna jaribio la tatu. Jiwe likiwa limekaa vizuri, fyatua bila baruti uone cheche. Zinatakiwa ziwe nyingi, nyeupe, na zianguke kwenye kijisahani cha baruti. Cheche chache nyekundu zinazokufa njiani huenda ni jiwe butu, na jiwe jipya ni bei ya soda. Lakini kama jiwe ni kali na bamba la chuma bado halitoi cheche, bamba limepoteza ugumu wake na itabidi lichomwe na kupozwa upya. Chungulia pia kitundu cha moto: kilichopanuka na kuwa kama yai kimetumika sana, ingawa mara nyingi kinaweza kuwekewa kipete kipya.

Nyufa kwenye mbao zinapunguza kiasi gani?

Ufa mwembamba kuzunguka skrubu, kidogo. Ufa kwenye shingo, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatuo, hupunguza sana: hapo ndipo teke la bunduki linapopita. Ukiona gundi imejazwa au kipande cha shaba kimepigiliwa shingoni, uliza kilichotokea, kisha uhesabu kana kwamba kitako kitavunjika tena.

Hawken ya Thompson/Center ni ghali kuliko ya CVA. Kuna sababu au ni jina tu?

Sababu ipo, ingawa jina nalo linalipwa. Thompson/Center ya Rochester, New Hampshire, ilianza kuuza Hawken yake mwaka 1970, na kwa Wamarekani wengi ndilo gobore la kwanza walilolishika. Mbao ni za mti wa Kimarekani unaoitwa walnati, mtutu ni mzuri, mtambo hudumu. Smith & Wesson iliinunua kampuni hiyo mwaka 2007, na mwaka 2021 ikatangaza kwamba inaiuza; Hawken zenyewe zilikuwa zimekwisha kutoka sokoni kabla ya hapo. Kwa hiyo idadi haiongezeki, na bei imepanda. Muuzaji akikutajia udhamini wa maisha wa kiwanda, msikilize kwa adabu, usiulipie.

Usidanganywe tu kwamba hiyo ni nakala halisi ya bunduki za ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis. Ni fupi zaidi na imejaa shaba inayong'aa, wakati zile za St. Louis zilikuwa nzito na kwa kawaida zilivalishwa chuma. Hawken ya asili ni mali ya makumbusho, na haiko kwenye rafu ya duka la rehani.

Jambo moja kuhusu CVA ulikumbuke kuliko yote ya bei. Mwaka 1997 kampuni iliyarudisha kiwandani mainlaini yake ya miaka 1995 na 1996 kwa sababu ya hatari ya mtutu. Namba ya mtutu inayoishia 95 au 96 ndiyo ya kuepuka. Hiyo haina bei ya haki. Usiichukue hata bure.

Namba za "1 kwa 48" na "1 kwa 60" zina maana gani kwenye bei?

Zinaeleza mfereo unahitaji inchi ngapi kuzunguka mara moja. Polepole, kama 1 kwa 60 ya Great Plains, hufaa risasi ya duara iliyofungwa kitambaa. Haraka, kama 1 kwa 28 ya mainlaini mengi, hufaa risasi ndefu. Ile 1 kwa 48 ya Hawken ya Thompson/Center ni ya katikati, inakubali zote kiasi. Haibadilishi bei sana, ila ukinunua mzunguko usioendana na risasi unayotaka kupiga, umenunua bunduki ya mtu mwingine.

Lilijengwa nyumbani kutoka kwenye kifurushi cha vipande. Ni dosari?

Mara nyingi, ndiyo. Thompson/Center na CVA ziliuza vifurushi vya vipande vya kuunganisha mwenyewe, na wengine waliounganisha hawakuwa na patasi kali wala subira. Tazama mwanya kati ya chuma na mbao. Mwanya wa kupitisha kadi ya benki unamaanisha punguzo la robo au zaidi. Lakini kazi safi inaweza kushinda ya kiwandani. Vifurushi vya Kibler wa Ohio, kwa mfano, huja vikiwa vimechongwa kwa mashine kwa usahihi mkubwa, na bunduki zilizomaliziwa vizuri kutoka humo huuzwa kwa bei inayolingana na hadhi yake.

Nipige hesabu vipi hadi nipate takwimu ya kutaja?

Anza na bei ambayo bunduki kama hiyo *iliuzwa* ikiwa na hali nzuri. Bei zinazoombwa hazina maana. Mtu anaweza kuomba dola 900 miaka mitano mfululizo. Kwenye GunBroker, tovuti ya minada ya bunduki, unaweza kutafuta minada iliyokwisha na kuona zilizopata mnunuzi.

Kisha toa gharama ya kila kinachokosekana kwa bei ya kukinunua, na utoe tena kidogo kwa usumbufu. Tuseme Hawken zenye hali nzuri zinauzwa 450. Iliyo mbele yako haina mdeki: toa 30. Kichuchu kimelika: toa 10. Mbao zina mikwaruzo ya kawaida: usitoe kitu, ni bunduki ya kazi. Ndani ya mtutu kuna vishimo hafifu karibu na chini, ingawa mifereo bado mikali: toa 100. Umefika 310. Taja 275, ukubali 310. Kama vishimo ni vya kina, hesabu inabadilika kabisa: unanunua mbao na mtambo pamoja na kazi ya fundi ya kupanua mtutu, labda kutoka kipenyo cha inchi .50 hadi .54 na kuukata mifereo upya. Hapo 200 ni nyingi.

Kwenye minada ya majumbani usisahau ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huwa asilimia 15 au 20 juu ya bei ya mwisho. Watu huihesabu wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Anauza na pembe ya baruti, kalibu ya risasi na mfuko. Nilipe zaidi?

Lipia vile ambavyo ungevinunua hata hivyo. Kalibu ya kipenyo cha bunduki yako ina thamani. Kopo la baruti lililofunguliwa miaka ya 1990 halina.

Kuna wakati mzuri wa kununua?

Januari na Februari, msimu ukiisha na kadi za mkopo zilizotumika Krismasi zikidai. Bei hupanda kuanzia Agosti. Pennsylvania ni kesi ya pekee: tangu 1974 ina msimu wa gumegume, na ule wa baada ya Krismasi bado ni wa gumegume tu, kwa hiyo gumegume huko hushikilia bei wakati la fataki la aina ile ile linauzwa jimbo la jirani kwa punguzo.

Nimepewa gobore la kale la vita. Nitumie kanuni hizi hizi?

Hapana. Enfield ya 1853 au Springfield ya 1861 ya asili haipimwi kwa uwezo wa kupiga. Inapimwa kwa asili yake, alama zake na sehemu zisizobadilishwa. Anayeisugua ing'ae anaitupia thamani yake jalalani. Ipeleke kwa mthamini kabla hujaigusa hata kwa kitambaa. Kuitofautisha na nakala si vigumu sana: nakala za Italia hupigwa chapa za serikali na herufi za mwaka ndani ya kisanduku kidogo, AA ikiwa 1975, AB 1976, na kuendelea, tena nyingi zimeandikwa wazi kwamba ni kwa baruti nyeusi pekee.

Ni kweli halihitaji makaratasi?

Kwa sheria ya shirikisho, gobore lisiloweza kutumia risasi za kisasa halihesabiwi kuwa silaha ya moto, ndiyo maana linaweza kuletwa mlangoni kwa posta. Ila majimbo yana sheria zao. New Jersey hulihesabu kama bunduki nyingine. Na jihadhari na Encore ya Thompson/Center: fremu yake hukubali mitutu ya kisasa, hivyo ni silaha kamili kisheria hata kama limevalishwa mtutu wa gobore. Kama uko hapa kwa viza ya muda au una kesi ya zamani, muulize mwanasheria wa jimbo lako kabla ya kumwuliza muuzaji.

Naweza kulipeleka nyumbani?

Usilifunge kwenye kontena pamoja na magodoro. Kulitoa Marekani kuna taratibu zake, na huko linakokwenda halina msamaha huu wa shirikisho. Tanzania gobore ni silaha inayohitaji kibali chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, na polisi hukamata magobore yasiyo na leseni kila mwaka. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji wenyewe umepigwa marufuku tangu 1977. Ukirudi moja kwa moja, liuze huku, mwezi wa Septemba au Oktoba, kwa mtu aliyekuja na tochi yake.